Sisimizi wa Mama Kiboko

Mara moja kwa mwaka maktaba kuu ya mji hutoa uani vitabu vyake vilivyochakaa na kuviuza kwa bei ya kutupa, na siku hiyo watu wazima husahau adabu. Kulikuwa na meza sita, watu wasiopungua mia mbili, jua la kuchoma, na kipaza sauti kilichokoroma badala ya kusema. Wanaume waliovaa tai walisukumana na akina mama waliobeba watoto. Mzee mmoja alikuwa ameketi juu ya rundo la kamusi ili mtu asilichukue.

Kwenye meza ya vitabu vya watoto, mikono miwili ilikamata kitabu kimoja kwa wakati mmoja.

Mkono mmoja ulikuwa wa mwanamke wa miaka ishirini na tisa hivi, gauni la njano la mikono mifupi, miwani mikubwa ya fremu nyeusi, nywele kazishikiza kwa penseli. Wa pili ulikuwa wa mwanamume aliyemzidi miaka michache, koti la kazi la bluu lililofubaa, ndevu zilizochongwa vizuri, na gundi iliyokaukia kwenye kucha.

"Samahani kaka, nimekiona kwanza."

"Kuona si kushika, dada yangu."

"Na kushika nimeshika."

"Wewe umeshika jalada. Mimi nimeshika kitabu."

Alikuwa anasema kweli. Jalada lilikuwa limeng'oka na kubaki peke yake mkononi mwa mwanamke, huku kurasa zote zikiwa upande wa pili. Akalitazama, akamtazama yule bwana, kisha akacheka ingawa hakutaka.

Kilikuwa kitabu cha saba cha Mama Kiboko. Vyote viko kumi na viwili, vidogo, vya mraba, vya picha nyingi na maneno machache. Mama Kiboko ni kiboko mnene mwenye cherehani, anayewashonea nguo wanyama wenzake. Kila kitabu kina vazi moja na balaa moja: sweta la twiga lililomaliza sufu ya soko zima, suruali ya nyoka, kofia ya pundamilia iliyopotelea kwenye milia yake. Vilitoka zaidi ya miaka arobaini iliyopita, na watu wasiokumbuka tena majina ya walimu wao bado wanaikumbuka suruali ya nyoka. Wapo wanaolieleza jambo hili kwa maneno makubwa. Mimi naona sababu ni ndogo tu: Mama Kiboko hukosea katika kila kitabu, na hakuna anayemchapa.

"Unakitaka cha nini?" aliuliza mwanamume.

"Kazini. Mimi ni msanifu wa kurasa kwenye kampuni iliyovichapa zamani. Tunavichapa upya, vyote. Ila ghala liliingia maji, michoro ya asili imeoza, na tuna vitabu vitatu tu. Hiki kingekuwa cha nne."

Mwanamume alinyamaza kidogo. Alikuwa mtu wa kunyamaza, na tutaona hilo lilimfikisha wapi.

"Mimi ninavyo kumi na kimoja," alisema. "Nimekosa hiki tu. Michoro hiyo ni ya mama yangu."

Walikubaliana pale pale, wakisukumwa na umati. Mwanamume ndiye aliyekuwa fundi wa kujalidi vitabu wa maktaba, na karakana yake ilikuwa chini kabisa ya jengo, baada ya ngazi ishirini na mbili. Kila Jumamosi mwanamke angeleta mashine ya kuskani. Fundi angefumua uzi wa kitabu kimoja ili kurasa zilale bapa, na zikishapigwa picha angezishona tena. Vitabu kumi na viwili, Jumamosi kumi na mbili.

Jumamosi ya kwanza waliitana fundi na dada. Ya pili fundi alimwita dada Macho Manne, kwa sababu ya miwani, naye akamwita Gundi, kwa sababu hakuna jina jingine lililomfaa mtu anayenukia vile. Ya tatu walichelewa kumaliza kazi ambayo wiki iliyopita waliimaliza saa sita mchana. Ya nne Macho Manne alikuja na blauzi nyekundu na hereni ndefu, akadai alikuwa anapita tu kuelekea harusini. Harusi yenyewe haikuwapo. Kufikia ya sita simu zilikuwa zinapigwa asubuhi na mchana, bila sababu ya kikazi hata moja.

"Gundi, uko wapi? Nimeshafika mlangoni."

"Niko kwenye ngazi, kipenzi, nakuja."

"Ngazi gani? Nasikia maji. Mtu anaoga."

"Ni ngazi za bafuni."

"Mwongo mkubwa we! Nakupa dakika kumi. Ya kumi na moja nampa mlinzi chai yako."

"Mlinzi ana mke."

"Chai haiulizi mke. Fanya haraka."

Wiki hiyo Gundi alimpeleka kwa mama yake. Mama alikuwa mwanamke mrefu mwenye shingo iliyonyooka, kanga mabegani, na macho yaliyokuwa yanafifia. Daktari alikwisha sema kwamba ukifika mwisho wa mwaka atakuwa anatofautisha mwanga na giza tu. Kwa sasa alikuwa bado anaona rangi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Njoo karibu, nisiseme na gauni." Alimshika mkono, akavipapasa vidole kimoja kimoja. "Hivi vitabu vitatoka lini?"

"Kabla ya mwaka kwisha, mama."

"Fanyeni hima. Sitaki kuambiwa ni vizuri. Nataka nivione."

Hilo ndilo lililokuwa mzigo wao. Kampuni ilikubali kuchapa mara moja tu: vikitoka vimetoka, vikiharibika vimeharibika. Na mama alikuwa na miezi michache ya kuona rangi. Gundi hakuwahi kulizungumza, lakini kila uzi alioufumua aliufumua akiliwaza hilo.

Sasa kuna jambo ambalo kila aliyekua na vitabu hivyo analijua, na ambalo Macho Manne hakulijua. Katika kila picha mama alichora sisimizi. Mdogo kuliko punje ya mchele, mara kwenye ukingo wa kikombe, mara kwenye mkia wa simba, mara akipanda uzi wa cherehani. Hatajwi kwenye maneno hata mara moja. Watoto wenyewe walimgundua, wakawa wanamsaka ukurasa hadi ukurasa. Na katika nyumba ya mchoraji kulikuwa na kanuni: sisimizi haonyeshwi mtu. Mama aliiweka zamani, ili Gundi na dada yake wasiharibiane raha ya kutafuta.

Macho Manne hakuwa na vitabu vya picha utotoni. Baba yake alikuwa mwalimu wa hisabati aliyeamini kwamba picha humfanya mtoto awe mvivu. Kwa hiyo mbele ya Mama Kiboko alifika akiwa mtu mzima, na alifika kama msanifu. Kila jioni alikaa kwenye kompyuta ya ofisini na kusafisha kurasa zilizoskaniwa: madoa ya chai, alama za vidole, vumbi, vinyesi vya nzi. Alikuza kila ukurasa mara nane ili asipitwe na kitu. Karatasi za zamani zilikuwa duni na wino ulikuwa umesambaa, hivyo sisimizi akikuzwa mara nane hana miguu wala pembe. Anakuwa bonge jeusi lenye kingo zilizochanika, doa kama madoa mengine. Macho Manne alilifuta. Alifuta yote, moja moja, kwa upendo, kwa sababu mikono iliyokuwa inafungua vitabu hivyo alikuwa ameshaanza kuipenda.

Na Gundi? Alimwona kila Jumamosi ameinamia kurasa zile, akaamini kwamba keshawaona sisimizi wote siku nyingi. Alidhani anakaa kimya kwa kuiheshimu kanuni. Ukimya huo ulimfurahisha kuliko maneno yoyote matamu aliyowahi kuambiwa. Kuna usiku kadhaa alilala akitabasamu kwa jambo ambalo halikuwapo.

Nakala ya majaribio ya vitabu vyote ilitoka siku ya Alhamisi. Macho Manne aliteremka ngazi ishirini na mbili akiwa na bahasha kubwa kifuani, kavaa lile gauni la njano.

"Funga macho."

"Nina kisu mkononi, mpenzi."

"Weka kisu, funga macho, kisha fungua."

Gundi alifungua macho, kisha kitabu cha kwanza. Rangi zilikuwa zinang'aa kama siku ya kwanza, nyekundu ya cherehani, kijani cha mto. Akafunua ukurasa wa pili, wa tatu. Akarudi wa kwanza. Akachukua kitabu cha pili, kisha cha tano, sasa akifunua kwa haraka.

"Nani amesafisha hizi kurasa?"

"Mimi!" Macho Manne alijishika kiuno. "Peke yangu. Doa moja moja, kwa mkono. Walitaka mashine ifanye, nikakataa."

"Zote umezifanya wewe."

"Zote, Gundi. Mbona hivyo? Hujazipenda?"

"Kazi safi," alisema, akaurudisha mzigo kwenye bahasha. "Mama atafurahi."

Kichwani mwake mambo yalikuwa yameshapangwa: aliwaona, akajua ni nini, wakubwa wake wakamwambia afute, naye akafuta, na amekuja kujisifu. Kumbe angeuliza swali moja tu, mkasa ungekwisha palepale. Hakuuliza. Alishika kisu chake akaendelea kukata katoni, na Macho Manne akachukua bahasha yake, akapanda ngazi peke yake.

Kwa siku nne simu ya Gundi iliita na kunyamaza. Siku ya tano akapokea.

"Mpenzi, umekasirika?"

"Hapana."

"Sauti yako siyo hii. Mama amesema nini? Amenikataa?"

"Mama hajasema kitu."

"Basi niambie nimekosa nini, nikuombe radhi. Naomba radhi kwa kitu ninachokijua."

"Kama huoni, basi."

"Sioni nini? Gundi? Halo?"

Macho Manne akabaki ameishika simu iliyokatika. Alienda chooni, akafungua bomba ili wenzake wasisikie, akalia vizuri. Kisha akanawa, akafuta miwani na kurudi kazini.

Ijumaa asubuhi mama wa mapokezi, mtu wa miaka hamsini na kitu, aliikuta nakala ya majaribio mezani kwake ikisubiri kupelekwa kwenye kiwanda cha uchapaji. Akaifungua ili apoteze muda. Dakika mbili baadaye alikuwa amevua miwani na kuivaa tena.

"Kaenda wapi huyu?"

"Nani?" aliuliza dereva wa kampuni, jitu la miraba minne, shingo kama gunia.

"Sisimizi. Hapa kwenye pasi. Si huwa kwenye waya wa pasi?"

"Kwenye waya, ndiyo, karibu na ukuta. Hebu." Dereva akainama mpaka pua ikagusa karatasi. "Hayupo! Angalia ya twiga, kwenye kola."

"Kwenye kola hayupo."

Mhasibu akatoka chumbani kwake na kikombe mkononi. "Nyoka je? Yuko chini ya mguu wa suruali. Mimi na marehemu kaka tuligombana wiki nzima kwa ajili ya huyo."

Watu wazima watatu walikuwa wameinamia kitabu cha watoto, vichwa vimegusana. Macho Manne alisimama nyuma yao na karatasi zake.

"Sisimizi gani?" aliuliza.

Walimgeukia kama mtu aliyeuliza chumvi ni nini. Mama wa mapokezi, ambaye alikuwa na kitabu chake cha zamani cha Mama Kiboko kwenye mtoto wa meza na hakuwahi kumwambia mtu, alikitoa na kukifungua kwenye pasi. Macho Manne alisogeza uso. Bila kukuzwa, kwa jicho la kawaida, sisimizi alikuwa sisimizi, jicho likimjazia lenyewe miguu yake yote sita, akitembea kwenye waya bila wasiwasi.

Alikumbuka kila doa. Akakaa kwenye kiti cha wageni. Sasa alielewa ni nini ambacho hakukiona, na alielewa pia kwamba mtu aliyempenda alikaa naye Jumamosi kumi na mbili bila kumwonyesha.

Meneja alisikiliza yote akiwa amesimama. "Mtambo unawashwa Jumatatu saa mbili asubuhi. Faili za mwanzo ziko wapi?"

"Nilizifuta, bosi. Kompyuta ilijaa."

"Basi tunaendelea hivi hivi. Hakuna atakayegundua."

"Mimi nimegundua, bosi," alisema dereva kutoka mlangoni.

"Na mimi," alisema mhasibu.

Meneja aliwatazama, akaitazama saa. "Jumatatu saa mbili. Saa mbili na dakika moja siwajui."

Jumamosi asubuhi Macho Manne alibisha hodi nyumbani kwa mama na mashine ya kuskani begani. Safari hii hakuvaa hereni. Gundi alikuwa mezani anamsomea mama gazeti.

"Shikamoo mama. Nimekuja kusema kosa langu." Alisema yote, kwa kusimama, bila kujitetea: madoa, kukuza mara nane, faili zilizofutwa. "Picha mia mbili themanini na nane. Nimewafuta wote. Nilidhani uchafu."

Gundi aliweka gazeti chini. "Hukuwajua?"

"Ningewajulia wapi?"

Mama akamgeukia mwanawe.

"Wewe ulimwambia?"

"Mama, kanuni ni yako. Haonyeshwi mtu."

"Kanuni ile niliwawekea watoto wa miaka mitano!" Sauti ya mama ilipanda hadi jirani akafungua dirisha. "Nani alikutuma umwekee mchumba? Mtoto wa watu anafanya kazi miezi mitatu, wewe umekaa unamchungulia kama mtihani, ameanguka unamnunia! Nisingekuwa nashindwa kukuona ulipo ningekurushia kiatu."

"Niko hapa, mama."

"Najua ulipo. Kaa meza ile ufumue vitabu."

Walifanya kazi siku mbili. Gundi alifumua, Macho Manne akaskani na kuwabandika sisimizi kwenye kurasa zilizokwisha safishwa, na mama, ambaye hakuweza tena kuona kitu kidogo hivyo, alikaa kwenye kiti chake akitaja kwa kumbukumbu. Kitabu cha tisa, picha ya nne, ndani ya kikombe. Cha kumi, picha ya mwisho, kwenye unyoya wa mbuni. Gundi aliweka kidole na kusema "hapa," akageuza, akasema "hapa." Alisema hivyo mara mia mbili themanini na nane, yeye aliyeshindwa kusema mara moja.

Mchana wa Jumapili mama alisinzia, nao wakabaki na kitabu cha mwisho.

"Nisamehe," alisema Gundi.

"La sisimizi nimekusamehe, na mimi nina langu hapo. La siku nne sijui." Macho Manne hakuinua kichwa. "Nililia chooni, Gundi, bomba likiwa wazi. Nikakuuliza nimekosa nini, ukaniambia kama sioni basi. Nikija kuishi na wewe nitakuwa kila siku nakusaka usoni, leo kanuna kwa nini, leo kanyamaza kwa nini? Mimi sitaki mume wa kutafutwa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo sijui. Nikijua nitakwambia. Mimi huwa nasema."

Jumatatu saa mbili kasorobo faili zilikuwa kiwandani.

Wiki tatu zilipita. Gundi alipiga simu kila siku mchana, na kila siku alisema kitu, hata kama ni kwamba kisu kimemkata au kwamba amemkumbuka na hajui aseme nini zaidi. Macho Manne alipokea, akasikiliza, akajibu kwa upole, na hakuahidi lolote. Mapenzi yalikuwepo, hayo hakuyakana. Alichokuwa anakipima ni kama anaweza kuishi nayo.

Siku masanduku yalipoletwa, mapokezi yaligeuka soko. Dereva alikuwa ameketi sakafuni na kitabu cha nyoka, mhasibu akimzuia asionyeshe kwa kidole. Gundi aliingia kuchukua seti ya mama yake. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi na viatu vilivyong'arishwa, kwenye kucha bado ana gundi.

"Mama bado anaona rangi?" Macho Manne aliuliza, akimpa furushi.

"Nyekundu na njano, asubuhi, kukiwa na jua. Tunawahi." Akalipokea, akaliweka juu ya kaunta badala ya kuondoka. "Nina maneno. Nimeyafanyia mazoezi kwenye ngazi, ngazi za kweli."

Watu wakamgeukia. Hakuwaangalia.

"Nataka kukuoa. Sitaki ukisie, nakwambia. Mama nitaishi naye mpaka mwisho, hilo ulijue leo, si baada ya harusi. Nakoroma. Kuna mtu nilimchumbia kabla yako, akaondoka kwa sababu nilikaa naye mwaka mzima sijamwambia kwamba sina furaha. Nikikasirika nanyamaza, nilikuwa hivyo tangu utoto, na sikudanganyi kwamba nitaacha kesho. Lakini ukiniuliza mara ya pili nitajibu. Naapa nitajibu. Na ile mboga uliyomletea mama Jumapili ilizidi chumvi."

"Hilo ungeliacha, baba," alisema mama wa mapokezi.

"Mwacheni aseme yote," alisema Macho Manne.

"Nimemaliza. Hapana, bado moja: siku zile nne na mimi nililia. Sina bomba kule chini, nililia hivi hivi."

Macho Manne alivua miwani, akaifuta kwa pindo la blauzi, akaivaa. Alifikiria nyumba yenye mama asiyeona na mume anayekoroma, akafikiria pia mchana usio na ile simu, na huo mchana ndio uliomtisha zaidi.

"La mama nimekubali siku nyingi," alisema. "La kukoroma tutatengeneza. La kunyamaza linaniogopesha, na bado litaniogopesha."

"Jibu lako ni nini?" Zamani angengoja.

"Ndiyo," alisema Macho Manne, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa meneja. "Ndiyo. Nimesema kwa mdomo wangu mbele ya watu, usije ukasema hukuambiwa."